Timu ya Nne Ilitoka Ilford

Nakumbuka, mwanangu, Jumamosi moja ya manyunyu, nimesimama katika mtaa wa maduka wa Ilford na mpira wenye umbo la papai kwapani, na bunda la karatasi mkononi likiloa taratibu. Nilikuwa kijana wakati huo, mwembamba kama ufito, usicheke. Na nilikuwa na cheo. Nilikuwa Afisa Maendeleo wa mpira wa Kiaustralia katika mkoa mzima wa London. Cheo kilikuwa kirefu kuliko meza niliyopewa, maana meza yenyewe ilibanwa baina ya mashine ya fotokopi na dirisha lisilofungika.

Wewe juzi umechaguliwa kukaa katika kamati ileile ya mkoa. Nimefurahi mno. Najua nikikuuliza utanijibu kwa Kiingereza, na haidhuru, kwa sababu masikio yako ni ya Kiswahili. Basi kaa nikupe nilichonacho.

Mchezo huu wenyewe huuita futi. Wakati ule ulikuwa mchezo wa Waaustralia watupu, vijana waliokuja London kwa viza ya muda. Walifanya kazi kwenye mabaa na maofisini, wakacheza msimu mmoja au miwili, halafu wakarudi kwao. Mimi niliingia kupiga taipu barua na ratiba. Mwenyekiti wetu, Mzee Kolin, alikuwa Mwaustralia aliyemuoa nesi wa Lewisham akasahau njia ya kurudi. Aliona ninauliza maswali mengi, akaniambia anayeuliza sana apewe kazi ya kutafuta majibu. Ndivyo nilivyopata maendeleo.

Shida iliyokuwapo ni hii. Ligi ya wanawake ilikuwa na timu tatu tu, na kamati ilikuwa imeshaamua kwamba pasipopatikana timu ya nne kabla ya msimu kufunguliwa, ligi hiyo itafungwa, na wasichana watakaotaka futi watakuja kutazama kaka zao. Bwana Grant, aliyekuwa akipanga mechi, alisema tusijichoshe. Alisema watu wa hapa hawatocheza mchezo huu, tungoje Waaustralia wengine waje. Alikuwa mtu mwema Grant, lakini mzito kufunguka kama mlango wa ghala. Mimi nilikuwa nimewaona wale wasichana wakifanya mazoezi kwenye tope la baridi, wakirudi na mashavu mekundu na vicheko vyao. Sikutaka kuwa mtu atakayewapelekea habari ile.

Basi nikachapisha karatasi, nikazigawa Ilford na Lewisham, nikazigawa milangoni mwa vituo vya treni. Watu walizipokea kwa adabu, wakazitia mfukoni. Nikapanga siku ya mazoezi. Akaja mwanafunzi mmoja, akautazama mpira, akaniuliza kama ndio raga, nikamwambia siyo, akaondoka.

Jumamosi ile ya manyunyu alipita mbele yangu bibi mmoja wa makamo, baibui jeusi, na chini ya baibui viatu vya michezo vyeupe pe. Nikamwamkia kwa Kiswahili, maana Mpemba utamjua kwa mwendo. Akaitikia, akanitazama kwapani, akaniuliza papai hilo nauzaje. Nikacheka, nikamweleza. Alikuwa Bi Asia, mwalimu mstaafu kutoka Wete, aliyefundisha netiboli skuli miaka mingi kabla ya kuhamia huku kwa wanawe. Akaniomba mpira, akaugeuza, akaurusha juu na kuudaka kwa mkono mmoja bila kuutazama. Kisha akanisomea karatasi yangu yote pale pale mtaani, kwa sauti, kama anayesahihisha insha.

"Umeandika watakachofundishwa," akaniambia. "Hapa umewauliza wapi wanachojua?"

Nikaigeuza karatasi, nikatafuta na upande wa pili.

"Mwanangu, huwezi kumwita mtu harusini na barazani kwake hujawahi kukaa. Njoo Alkhamisi nyuma ya ukumbi wa mtaa wetu. Na hilo papai liache nyumbani."

Nikamwambia, kwa ule ujuba wa ujana, kwamba mkono mtupu haulambwi. Akanijibu kwamba mtaka cha mvunguni huinama, na anayeinama mikono yake lazima iwe mitupu, la sivyo atajigonga. Akaenda zake kununua ndizi.

Sikuipenda ile kauli, lakini nikaenda. Nyuma ya ukumbi palikuwa na kiwanja cha sakafu ngumu, na humo nikawakuta akina mama wa Kipemba, wa Mombasa, wa Bukavu na Uvira wakicheza netiboli kana kwamba wameahidiwa pepo. Bi Asia alikuwa amefunga baibui kiunoni, filimbi shingoni. Hakunitambulisha kwa cheo. Alisema huyu ni Sauda, hajui kudaka, mtieni nyuma. Na kweli sikujua kudaka. Mimi, Afisa Maendeleo! Alkhamisi ya kwanza nilirudi nyumbani na kidole kimevimba, na sijawahi kufurahi vile tangu nitue nchi hii.

Huko ndiko nilikomjua Mama Furaha. Alikuwa Mkongo, mrefu, kifua kama mlango, kazi yake kutunza wazee. Aliishi Lewisham, akibadilisha treni Stratford kila Alkhamisi yake ya mapumziko ili aje kucheza kwa dada yake. Mpira ukipita juu ya vichwa vya watu, wewe usihangaike, utaukuta mikononi mwake. Nilikaa nao wiki baada ya wiki. Nikajua nani ana shifti ya usiku, nani mumewe hapendi, nani huimba kwaya Jumapili, nani magoti yanamuuma lakini hasemi. Futi sikuitaja. Ofisini Grant aliniuliza timu iko wapi, nikamwambia inapikwa. Msimu ulikuwa unakaribia, na usingizi wangu ulikuwa mwepesi.

Halafu Alkhamisi moja, tumekaa tunakunywa chai ya chupa, Mama Furaha mwenyewe akasema, "Sauda, ule mpira wako Mama Asia alituambia, unauficha kwa nini? Leta tuone."

Nikamtazama Bi Asia. Alikuwa anakoroga chai yake, wala hakuinua macho.

Ah, mwanangu, siku ile niliyoupeleka! Netiboli ukiudaka mpira unasimama, mguu ukiteleza tu filimbi inalia. Nikawaambia katika mchezo huu ukidaka unaweza kukimbia nao, unaweza kuupiga teke, unaweza kumpa mwenzako kwa kuugonga na ngumi, na ukiudaka mpira wa teke kabla haujagusa chini, watu wote wanasimama kukuachia nafasi upige kwa raha zako. Wakaangaliana. Mama mmoja wa Kipemba, mpole asiyesikika hata akisalimia, akauliza kama kweli mtu anaruhusiwa kukimbia popote. Nikamwambia popote. Akauchukua ule mpira akakimbia mpaka kwenye uzio, akarudi, akakimbia tena, peke yake, anacheka. Mama Furaha alipiga teke la kwanza, mpira ukamrukia nyuma ukamgonga dada yake. Tulicheka hadi mlinzi wa ukumbi akatoka kuangalia kuna nini.

Wakataka timu. Lakini walikuwa na maneno yao. Mechi zilikuwa asubuhi ya Jumapili, na Wakongo wako kanisani. Jezi haikuwa na mikono, na kaptula ilikuwa fupi.

"Kuanguka hatuogope, dada," akasema Mama Furaha kwa Kiswahili chake cha Kongo. "Ile kaptula njo inatushinda."

Nikayapeleka maneno yao kwa kamati. Bi Asia akasema atanisindikiza, akavaa koti lake zuri. Grant aliposikia wanataka suruali za kubana chini ya kaptula, jezi za mikono mirefu, mitandio, na mechi Jumamosi mchana, akasema kwa upole kwamba wageni wakikaribishwa mezani hawabadilishi chakula. Wengine wakatikisa vichwa kumwafiki. Niliona ligi yote ya wanawake inanitoka mkononi hivi hivi.

Bi Asia akaomba ruhusa. Kiingereza chake kilikuwa cha mwalimu, kila neno limepigwa pasi. Akamuuliza Grant amezaliwa wapi, akasema Adelaide. Akamuuliza mwenyekiti, naye akasema kwao ni mji mdogo uliokuwa mbali na kila kitu. Akaniuliza na mimi, nikasema Unguja.

"Basi katika chumba hiki mwenyeji hayumo," akasema. "Sote tumekuja na vyungu vyetu. Kwetu tunasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Na kama wote ni wageni, basi kila mmoja wetu amponye mwenzake."

Mzee Kolin akavua miwani akaifuta, akamuuliza Grant ni kanuni gani ya mchezo inayomkataza mtu kufunika miguu yake kwa baridi ya London. Grant akafikiri kweli kweli, hilo namsifu, akasema haipo. Kisha akasema, na yeye mwenyewe akaanza kutabasamu, kwamba hata yeye angependa suruali katika mechi za mwanzo wa msimu. Mwenyekiti alipoitisha kura, mkono wake ndio uliotangulia kuinuka.

Mechi ya kwanza tulipewa mabingwa. Tulicheza kwenye kiwanja cha kriketi mashariki ya mji, jua limetoka kama lililoalikwa. Wale wasichana wa Kiaustralia walikuja kutukumbatia kabla ya mpira kurushwa, maana walijua timu yetu ndiyo iliyowabakishia ligi yao. Halafu wakatufunga bila huruma, kama inavyotakiwa baina ya watu wanaoheshimiana. Walitufunga tukachoka kuhesabu.

Lakini karibu na mwisho, mpira ukapaa juu mbele ya milingoti yao, na Mama Furaha akaruka. Aliruka mama yule, mwanangu, akaudaka juu ya mabega ya wasichana wawili walioumbwa kwa kazi hiyo, akatua nao kifuani kama mtoto mchanga. Kiwanja kikasimama. Akarudi nyuma, akapumua, akapiga. Mpira ukapita pembeni, baina ya mlingoti wa kati na ule wa nje. Hapo si goli, ni pointi moja tu; goli ni katikati na hupewa pointi sita. Mwamuzi wa magoli akapeperusha bendera moja badala ya mbili.

Sisi hatukujali ngapi. Tuliona bendera, tukapiga vigelegele. Kiwanja kizima kikalia vigelegele, akina mama wakakimbia kumbeba Mama Furaha wakashindwa kumnyanyua, wakaanguka wote chungu moja. Grant, aliyekuwa kando ya mstari, akamwambia Bi Asia kwa adabu kwamba yule mama amekosa.

"Amekosa, na bado mmempa pointi?" Bi Asia akamuuliza. "Basi huu ni mchezo wa waungwana."

Baada ya mechi Waaustralia wakaleta machungwa yaliyokatwa, kama desturi yao. Akina mama wakatoa chumvi na pilipili. Ungewaona wale wasichana walivyokohoa, machozi yakiwatoka, na bado wakanyoosha mkono kutaka tena.

Ligi haikufungwa. Miaka michache baadaye Mama Furaha akaanzisha timu yake Lewisham ili apumzike na kule kubadilisha treni. Na ulipofika mwaka ambao Waaustralia walipungua sana, mkoa wetu haukuyumba, kwa sababu wachezaji wengi walikuwa watu wanaolala na kuamka hapa. Mpole wa Kipemba aliyekuwa akikimbilia uzio ndiye leo anayefundisha wasichana wa mkoa. Grant alijifunza kupiga vigelegele, vibaya sana. Bi Asia yu hai, alhamdulillah, na bado anavaa viatu vyeupe. Mpitie ukipata nafasi, lakini usiende na karatasi.

Sasa sikia ninachokuusia. Utakapopewa mji huu uuendeleze kimchezo, usianze na mpira. Anza na watu. Kaa kwanza wanapokaa, cheza wanachocheza, ukubali kutiwa nyuma. Kuuliza si ujinga, na mchezo hausimami mahali ambapo aliyeuleta hakuwahi kuuliza. Mtu akikwambia Jumapili siwezi, au nguo hii siwezi, usimwone msumbufu. Asiyetaka kuja hakupi sharti, anakaa kwake tu. Aliyekupa sharti ameshakufungulia mlango nusu, nusu iliyobaki ni kazi yako. Wapokee vyema wanaopita, maana ndio walioleta mchezo, lakini ujenge na wanaobaki. Na anayekuwa mzito kwenye kamati usimkimbie. Mpe muda, mpe na chungwa lenye pilipili. Na ikiwa siku zako nyingine mpira utapita pembeni, furahia ile bendera moja, kisha rudi ukapige tena.

Mola akupe masikio mapana na subira isiyonuna. Akujaalie wenzako wa kucheka nao hata mnapofungwa, magoti yako yadumu kuliko ya kwangu, na wale utakaowaita waje, na wakija wapaone ni kwao. Nenda, mwanangu. Mkutano wenu unaanza saa kumi na mbili, na kiti cha mbele si haramu kukikalia.