Sungura wa Bi Zuhura na Makapi ya Tumbaku

Daktari wa mifugo alinusa beseni, akaniuliza mbele ya watu, "Mama, nani kamwekea sungura tumbaku?" Bi Zuhura, ninayemfanyia kazi za ndani, akanigeukia. Sungura wake alilala ubavu, miguu inatetemeka. Mimi hata sasa sielewi kosa langu.

Nimenusurika kipindupindu na ndoa mbili, nije kuaibishwa na sungura. Bi Zuhura alipokwenda Nzega aliniachia beseni anamojisaidia huyo mnyama, akasema tu, "Uwe unambadilishia ya chini." Maranda ya mbao niliyokuwa nikimtandikia yakaisha. Nikamuuliza Mashaka, mbeba mizigo wa ghala la tumbaku, nimtandikie nini badala yake. Akacheka.

"Dada, kwenu Usinge kwenye viota vya kuku mnaweka nini?"

"Makapi ya tumbaku, chawa wasisogee."

"Sasa unauliza nini?"

Akaniletea kiroba kizima, nikajaza beseni. Ningejuaje kwamba sungura anatafuna pale pale anapojisaidia? Kuku hali kiota chake.

Daktari anasema nyasi kavu tu zingetosha, na sungura atapona. Mimi ndiye niliyeambiwa nifungashe virago. Basi Mashaka aje kwa Bi Zuhura aseme aliyeleta kiroba ni nani, na Bi Zuhura naye anijibu: hizo nyasi alinitajia lini?