Mafuta ya Yoezeri

Yoezeri muuza mafuta alikuwa mtu wa kila mtu, na hilo ndilo lililommaliza. Nasema hivi kwa sababu tumekuwa majirani miaka kumi na tisa, mimi Imashalomu, mchemsha dengu wa karibu na Lango la Samadi, na siku ile nilikuwapo na gudulia langu mkononi. Wanaosimulia vinginevyo hawakuwapo.

Kwetu Yerusalemu, huku mtaa wa chini, mcha Mungu hakosi chama. Wapo Mafarisayo, wapo Masadukayo, wapo Waesene, na hakuna anayekula chakula cha mwenzake. Sisi tuliobaki tunaitwa watu wa nchi, jina ambalo wote watatu hulitamka kama mtu anayetema kokwa ya zeituni. Ugomvi wao hauishi, na mmoja ulikuwa juu ya kazi ya Yoezeri kabisa. Ukimimina mafuta kutoka mtungi safi kuingia chombo najisi, je, unajisi hupanda ule mchirizi ukarudi mtungini? Mafarisayo wanasema haupandi. Masadukayo wanasema unapanda. Waesene wanasema unapanda, na anayemimina naye ajichunguze. Mimi, ambaye magoti yangu hunisimamisha mara tatu nikipanda ngazi kutoka Siloamu, niliuonea wivu huo unajisi unaokwea mchirizi wa mafuta bila hata kuhema.

Yoezeri alikubaliana nao wote. Akija Hananeli, Mfarisayo: "Umenena, mwalimu, haupandi." Akija Antigono, Msadukayo msimamizi wa nyumba ya kuhani mmoja: "Bwana wangu, unapanda, tena mbio." Akija Elkana, Mwesene mwenye joho jeupe na uso wa njaa, Yoezeri aliinamisha kichwa tu na kuugua, na Elkana akaondoka ameridhika. Mkewe, kabla hajafa, aliniambia siku moja tukifua, "Shoga, nimechoka kukubaliwa."

Mwaka ule aliuza punda wake na pete ya marehemu mkewe, akanunua mafuta mazuri ya Tekoa, akayatia yote kwenye mtungi mmoja mkubwa wa udongo, auuzie umati wa Pasaka. Alikuwa hana akiba nyingine. Aliniambia mwenyewe kwamba yakiharibika hayo, atafunga duka akabebe mizigo ya mahujaji.

Siku nne kabla ya sikukuu nikaenda kununua kidogo ya kuwashia taa. Hananeli, Antigono na Elkana walikuwapo, kila mmoja kwenye pembe yake ya duka, wakiangalia wasigusane nguo. Yoezeri aliulaza mtungi juu ya kigoda chake, akauinamisha, mafuta yakaanza kuingia gudulia langu. Hapo ndipo Antigono alipochungulia ndani ya gudulia.

"Mna mjusi humo!" akapiga kelele. "Mjusi mfu!"

Mjusi mfu, kwa sheria yetu, ni najisi ya kutosha kuvunjiwa chombo. Yoezeri akageuka rangi. Akaanza kuuinua mtungi akate mchirizi, jambo ambalo hata mtoto angelifanya.

"Usiinue!" Antigono akasema. "Unajisi uko katikati ya mchirizi. Ukiinua unaurudisha wote ndani."

"Haupo katikati, haujapanda," Hananeli akajibu. "Ila naye asiinue. Mafuta ya Tekoa ni mazito. Kuna kitu kizito kama asali, ukikikata ghafla ncha yake huruka nyuma. Tupime kwanza uzito."

"Endelea kumimina," Elkana akasema, macho mbinguni. "Mtu asiamue kwa mkono wake kabla jambo halijaamuliwa."

"Ndiyo, mwalimu," Yoezeri akasema. "Ndiyo, bwana wangu. Ndiyo, ndugu."

Na akaendelea kumimina. Gudulia langu likajaa, likafurika, mafuta yakashuka juu ya mawe ya njia, mazuri, ya kijani kibichi, yananukia. Nikainama nikamtazama huyo marehemu.

"Jamani, anatikisika!" nikasema.

"Mama, nyamaza," Hananeli akasema bila kunitazama. "Neno la mtu wa nchi si ushahidi."

"Basi tazama mwenyewe, mwalimu! Inama tu!"

"Nikiinama na nguo yangu ikagusa, sitaila Pasaka."

"Bwana Antigono, wewe je?"

"Mimi nihudumie nyumba ya kuhani nikiwa nimemsogelea mzoga? Una wazimu, mwanamke?"

Elkana alikwisha rudi hatua nne nyuma, kwa kuwa nami nilikuwa nikisogea upande wake. Nikaona uchungu, nakiri. Nilitaka kuupiga teke mtungi, nikaogopa nitalipishwa.

Wakabishana juu ya asali. Wakatoka asali wakaenda uji wa maharage, kwamba ukimiminwa huruka au hauruki, na hapo Hananeli akapandwa na hasira kwa jambo alilosema mwalimu fulani aliyekufa zamani. Wanawake wa mtaa wetu, wote watu wa nchi, walikuja na bakuli, na sufuria, na matambara ya kukamulia. Hakuna aliyewauliza kama vyombo vyao ni safi. Yoezeri alisimama palepale, akisema ndiyo kila alipotazamwa, mpaka mtungi ukakohoa na kutoa tone la mwisho.

Ndipo mjusi akakwea mdomo wa gudulia langu, anang'aa kama bwana harusi, akashuka, akakatiza juu ya kiatu cha Hananeli, akaingia ufa wa ukuta.

"Kumbe yu hai," Hananeli akasema. Aliye hai hanajisi kitu. "Basi hapakuwa na swali."

"Hapakuwa na swali," Antigono akasema.

Elkana akatikisa kichwa kukubali. Na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nikawasikia watatu hao wakitoa hukumu moja: mtungi wa Yoezeri ni safi kabisa. Kisha wakaenda kutafuta mafuta duka jingine.

Nilimkuta Yoezeri baada ya sikukuu, ana kamba begani na alama za mizigo shingoni. Nikamkaribisha dengu. Alipomaliza kula akasema, bila mimi kumuuliza, "Dada, mimi nilimwona akitikisa mkia. Kabla yako. Mtungi ulikuwa bado umejaa."

"Haya, mbona hukusema?"

Akafuta bakuli kwa kidole.

"Mwalimu alikuwa hajamaliza kuzungumza."