Jina la Wifi Lililopotea kwa Kopi Moja

Saa mbili asubuhi, Mama Tovuti anafungua chumba chake chenye kompyuta mbili na mashine ya kopi. Hata hajaketi vizuri, ameshaanza kukagua barua pepe. Leo hana habari na wateja. Anasubiri jina.

Mtaani wanamwita hivyo kwa sababu ndiye anayewasajilia mafundi, wenye gereji na wauza samani majina ya tovuti. Wiki nyingine husajili matano, nyingine moja. "Faida ya jina moja ni unga na mafuta ya siku mbili, basi," anasema. "Kopi ndizo zinazonilipia kodi."

Kopi hizohizo ndizo zilizomponza.

Miaka minne iliyopita, mama mkwe wake, mshonaji wa sare za shule, alistaafu na kumwachia binti yake, wifi wa Mama Tovuti, karakana. Jina la tovuti, lililoshonwa ndani ya kola ya kila shati, nalo lilipaswa kwenda kwa binti. Kanuni za wakati huo hazikuruhusu jina kuuzwa wala kuhamishiwa mtu mwingine. Wenye kazi hii walikuwa na ujanja wao: mwenye jina analiachia, na anayelitaka, fomu yake ikiwa tayari, analisajili papo hapo.

Mama Tovuti aliliachia kabla hajajaza fomu ya wifi yake. Mara mteja akaingia, anataka kopi ya kitambulisho.

"Kopi moja tu, jamani! Narudi kwenye kiti, jina lishachukuliwa na mtu nisiyemjua hata kwa sura."

Wifi alikata mguu. Hata kwenye msiba wa shangazi yake, alipomwona Mama Tovuti, alikwenda kukaa upande wa pili. Mama Tovuti alimwandikia aliyelinyakua, akamsihi, lakini jibu lilikuwa lilelile: hata akitaka, kanuni hazimruhusu kuuza.

Mwezi uliopita kanuni zililegezwa. Sasa pande mbili zikikubaliana, zinasaini fomu na jina linahama moja kwa moja. Wapo wanaolalamika kwamba walanguzi wa majina watajaa. Mama Tovuti hawabishii.

"Walanguzi wapo, tena huyo aliyelinyakua jina nimemlipa mimi! Alitaka pesa sawa na kodi ya chumba hiki ya miezi minane. Nimembana mpaka mitatu, na roho imeniuma."

Saa tatu kasoro, barua inaingia. Anaisoma mara mbili, kisha anampigia wifi yake na kuweka simu mezani, sauti juu. Inaita sana.

"Hallo?"

"Ni mimi. Usikate. Jina limerudi, liko hapa kwangu. Nalihamishia kwako leo leo, ni kusaini na kubonyeza tu."

Cherehani iliyokuwa ikisikika upande wa pili inanyamaza.

"Usibonyeze kitu, wifi! Mkono wako siuamini. Nakuja."

Mama Tovuti anacheka huku machozi yanamtoka, wala hayafuti. Anavuta kiti cha pili karibu na kompyuta.

"Akishasaini simwachii," anasema. "Nafunga duka, twende wote kwa mama. Nimechoka kwenda kwake kwa kuvizia siku ambazo wifi hayupo."