Mgeni Aliyekunywa Maji ya Vitatange

Yule aliyeketi barazani kwangu jioni ile, akanywa maji ya samaki kwa kata yetu wenyewe, alikuwa mwanamke au mwanamume? Nina shahada ya elimu ya viumbe, niliyoipata nikiwa mtu mzima mwenye mvi, na kazi yangu ilikuwa kuwafundisha wengine namna ya kutofautisha jike na dume. Swali hilo moja limenishinda. Anayetaka kucheka na acheke. Mimi nilikuwepo, sikuwa nimelewa wala sikuwa na homa, na ninayoyasimulia niliyaona kwa macho haya.

Ilikuwa Newala, katika miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza. Asiyeijua nchi ile ya juu heri nimweleze jambo moja: maji hayako juu, yako bondeni. Mikorosho hustawi, mihogo hustawi, lakini mwanamke anayetaka maji hutoka alfajiri na mtungi, hushuka mteremko kwa miguu, na hurudi jua likiwa limeelekea magharibi. Nasema mwanamke kwa makusudi. Mwanamume aliyejitwika mtungi kichwani hakuonekana kwetu, labda awe amerukwa na akili.

Sasa fikiri: katika nchi hiyohiyo, bwana mmoja wa kilimo, Mwingereza mpole, alifuga samaki wa baharini sebuleni mwake. Walikuwa vitatange, wale samaki bapa wenye madaha, walionaswa kwa madema huko pwani na kutiwa katika sanduku la kioo. Kila mwezi lori la serikali liliwaletea pipa la maji mapya ya bahari. Naam, maji ya chumvi yalipanda Newala kwa gari, na maji matamu yalipanda kwa shingo za wake zetu. Bwana alipokwenda likizo kwao, alinikabidhi sanduku lile nilitunze nyumbani kwangu, kwa kuwa mimi, mwalimu wa shule, nilikuwa mtu pekee pale aliyeweza kuzungumza naye habari za mapezi na mashavu ya samaki. Asubuhi na jioni nilijaza upepo kwa pampu ya baiskeli katika mpira wa ndani wa gurudumu. Upepo ukatoka polepole kwa mrija mwembamba hadi ndani ya maji, na samaki wakapumua.

Walikuwa dume mmoja mwenye mistari kama pundamilia, na majike wawili wasio na mistari, wenye weusi mkiani. Dume akafa. Haukupita muda mrefu, yule jike mkubwa akaanza kumfukuza mwenzake huku na huku. Weusi wa mkia wake ukafifia, mistari ikajitokeza ubavuni. Jike alikuwa akigeuka dume! Nilikuwa nimesoma kwamba wako samaki wa namna hiyo, lakini kusoma si kuona. Niliacha hata kula ili nimtazame.

Mke wangu, Mama Agnesi, hakustaajabu. Alirudi kutoka bondeni akasimama mbele ya kioo, mtungi ungali kichwani.

"Baba Agnesi, huyu ndiye anayeletewa pipa?"

"Ndiye. Tazama, anageuka dume."

"Na mimi nikiota mistari, nitaletewa?"

Jirani yetu Mama Halima, aliyekuwa nyuma yake na mtungi wake, alicheka hadi maji yakamruka begani. "Wewe utaota nundu, shoga, si mistari!"

Mama Agnesi hakucheka. Aliutua mtungi, akanishika mkono. "Nyonga yangu inakataa mteremko. Siku moja nitabaki hukohuko. Mwambie dereva alijaze pipa maji matamu, mara moja tu."

Nilimjibu kwamba pipa ni la serikali, amri ni ya Bwana, na samaki wasipobadilishiwa maji watakufa. Yote hayo yalikuwa kweli. Je, kuna uchungu kama ule wa kuwa na majibu ya kweli?

Siku yenyewe ilikuwa ya kiangazi kikali. Binti yetu alikuwa shule ya bweni Masasi, mke wangu alikuwa bondeni, nami nilikuwa peke yangu na samaki. Jua likiwa limeinama, nikasikia hodi. Alikuwa mwanamke mzee, amejifunga kaniki, ana ndonya kubwa ya mti iliyochomekwa katika mdomo wa juu kama bibi zetu wa Kimakonde, na mtungi mtupu mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Maji, mwanangu."

Kwetu mgeni hupewa maji kwanza, habari huulizwa baadaye. Nilikwangua chini ya mtungi wetu, nikampelekea kata barazani. Aliitazama, akanirudishia.

"Haya ni ya shingo ya mkeo. Nipe yale ya gari."

"Bibi, yale ni ya bahari, hayanyweki."

"Hao waliomo wanakufa?"

"Hao ni samaki."

"Nipe, mwanangu. Nimetoka mbali."

Ungefanya nini wewe? Ungemnyima mgeni maji, Newala, wakati wa kiangazi? Nilichota katika sanduku la kioo. Akanywa kata nzima bila kupumua, kama anywaye maziwa, kisha akapangusa mdomo kwa ncha ya kaniki. Aliposhusha mkono, ndonya haikuwepo. Niamini. Mdomo ulikuwa mzima, hauna tundu wala kovu, na chini yake palikuwa na ndevu zilizolowa. Mikono iliyoshika kata ilikuwa ileile. Kaniki ilikuwa ileile. Sauti ikawa ya mwanamume wa rika langu.

"Mumewe alikufa," akasema, akielekeza kidole kwenye kioo, "naye akawa mume. Haya. Mkeo akifa bondeni, wewe utakuwa nani?"

Nami, kwa mazoea ya darasani, nikaanza: "Kwa samaki hawa, dume hawezi kugeuka..."

"Sikukuuliza habari za samaki."

Akajitwika mtungi, akaondoka kuelekea mteremkoni. Pale alipoketi palibaki unyevu, na ulipokauka ukaacha chumvi nyeupe.

Mama Agnesi aliletwa giza likiwa limeingia, amemwegemea Mama Halima, hana mtungi. Alikuwa ameteleza, nyonga imeumia. Nilipomlaza alinitazama kwa namna ambayo sijaisahau.

"Nilipoanguka, jua lilikuwa limeinama. Akapita mwanamume mwenye mtungi kichwani, ndevu zimemlowa. Nikamwomba anishike mkono. Akasema, 'Ngoja, nimeshamwambia.' Amekuambia nini, Baba Agnesi?"

Kutoka barazani kwangu hadi mahali alipoangukia ni mwendo mrefu wa kushuka, na mtu mmoja hawezi kuwa kote kuwili jua moja likiinama.

Tangu hapo mke wangu anachechemea. Bwana aliporudi alimkuta kitatange wake amekamilika udume, akanishukuru sana kwa utunzaji mzuri. Habari za nyonga ya mke wangu hakuziuliza, wala sikutazamia aziulize. Nami hadi leo nikinywa maji wakati wa jioni, hata yawe ya mvua, ulimi wangu hupata chumvi. Wewe unayesoma, mtu wako wa nyumbani akikuambia kwamba nyonga yake inakataa, usingoje mgeni aje kukuambia tena. Mgeni huyo haji kuponya.

Lakini asubuhi iliyofuata ujio wa mgeni yule, hata pampu sijaigusa, nilisokota kitambaa kikawa ngata, nikaazima mtungi wa ziada kwa Mama Halima, nikashuka bondeni. Wakati wa kupanda shingo ilikuwa ikitetemeka, na maji yalinimwagikia kifuani kila nilipokanyaga jiwe. Wanawake waliokuwa wakishuka walisimama wote. Kisha Mama Halima akapiga goti njiani.

"Jamani, pisheni! Mama Mwalimu anapita! Shikamoo, Mama!"

Kicheko kikaporomoka mteremko mzima. Sikuweza kugeuza kichwa kumtazama.

"Marahaba," nikaitikia, nikaendelea kupanda.