Istikhara ya Feni

Yakubu wa Kasongo ana duka la vitambaa na sabuni, lakini ukimwuliza mtu yeyote mjini Yakubu anafanya kazi gani, atakujibu kwamba Yakubu anaota. Hasemi hivyo kwa ubaya. Wapo wanaoota wakilala, na wapo waliojaliwa ndoto ya mchana kutwa. Huyu bwana alijaliwa hiyo ya pili tangu utotoni, siku baba yake alipokuja nyumbani na gari jekundu la Kiitalia, la milango miwili, tumbo lake karibu liguse ardhi. Mgiriki mmoja mnunuzi wa pamba aliliacha alipoondoka nchini, akampa baba ufunguo na kumwambia alitunze, kwani hilo ni gari la mbio. Baba akafariki, Mgiriki hakurudi, na gari likabaki uani chini ya turubai miaka na mikaka.

Si bovu. Kila Ijumaa baada ya swala Yakubu huliwasha, huketi kwenye usukani, na majirani hujua kwamba kwa muda ule mwenzao hayupo Kasongo. Yuko kwenye lami fulani ndefu ambayo mguu wake haujawahi kuikanyaga. Halafu maji ya rejeta huanza kuchemka, mvuke hutoka, na ndoto hukatika hapo. Feni ya kupoza injini ilivunjika panga moja zamani, ikatolewa, na gari la namna ile bila feni haliwezi kufika hata sokoni.

Basi maisha yakaenda katika kutafuta feni. Wapo wanaume wanaochelewa kuchagua mke, tunawacheka. Yakubu mke alimchagua mara moja, kazi ikawa kwenye feni. Hii fupi, ile pana, hii inazunguka kinyume. Hatimaye Fabrice, fundi wa magari na rafiki yake wa siku nyingi, akamletea mbili zinazoingia, akazilaza juu ya meza ya duka. Moja ilikuwa ya umeme, ya plastiki nyeusi, nyepesi, unaibeba kwa vidole viwili. Nyingine ya chuma, ya lori la zamani, yenye mapanga sita, nzito kama jiwe la kusagia.

"Papa Yakubu, sikiye," Fabrice akasema. "Hii ya umeme haikule nguvu ya motere. Gari itakimbia vile walivyoitengeneza. Lakini dainamo yako iko ya zamani. Ukitembeya polepole haitoe umeme wa kutosha, hii vantilatere itakunywa betri mpaka ikauke. Hii ya chuma inafungwa kwa motere yenyewe, inazunguka tu, hata ukienda kama jongoo. Maji haitachemuka. Ila itakuibia nguvu, na ukiikimbiza sana inaweza kupasuka."

"Na nikikimbia, nani atapoza motere?"

"Upepo wa njia. Mwenye kukimbia hana shida na vantilatere. Vantilatere ni ya mutu wa polepole."

Maneno hayo yalimchoma Yakubu. Gari la mbio, alifungie chuma cha lori!

Safari hii, hata hivyo, hakuweza kuahirisha. Mkewe Faridah alizaliwa Nyangwe, kando ya Lualaba, na alikuwa na presha ya macho. Daktari alikwisha sema dawa itachelewesha giza lakini haitarudisha nuru. Pikipiki hapandi tena, tangu ilipomwangusha njia ya Kabambare akavunjika nyonga. Ombi lake lilikuwa moja tu.

"Baba Soraya, unipeleke Nyangwe nione mto, wakati macho ingali inaona."

"Feni haijapatikana, Mama Soraya." Jibu hilo alilitoa miaka na miaka, kwa sauti ya upole kabisa. Sasa feni zilikuwa mbili mezani, na kiangazi hicho katapila ilikuwa imelainisha sehemu za barabara. Mvua zikirudi, barabara ingekufa tena.

Moyo wake ulikuwa kwa ile ya plastiki, wala hakulificha hilo. Alijiona akiteremka Nyangwe kama upepo, watoto wakipiga kelele, Faridah akishika mtandio. Akili ikamwambia barabara ile ina makorongo, huwezi kukimbia moja kwa moja, na betri ikifa porini, mgonjwa wa nyonga atarudi vipi? Akashindwa kukata shauri. Akaenda kwa mwalimu Hamadi wa msikitini, akataka ruhusa ya kuswali istikhara, swala ya kumwomba Mungu amwonyeshe la kuchagua.

"Istikhara ni ya ndoa, ya biashara, ya safari," mwalimu akasema, akijizuia kucheka. "Sasa weye unaleta vantilatere?"

"Mwalimu, hii ni safari."

"Haya, swali rakaa mbili. Lakini usingojee ndoto. Istikhara si sinema. Utaona tu moyo umelala upande mumoja."

Kumwambia Yakubu asingojee ndoto ni kumwambia bata asiogelee. Aliswali asubuhi jua likiwa limepanda, akajinyoosha kwenye mkeka nyuma ya duka, katikati ya marobota ya vitenge, na usingizi ukamchukua pale pale.

Aliona gari likienda lenyewe, jepesi, bila vumbi na bila sauti. Michikichi ilipita pande zote mbili ikiinama. Feni ndogo ilizunguka mbele yake kama ua. Kisha Lualaba ikafunguka, pana, nyeupe kwa mwanga, na utamu wa mwendo ukamjaa kifuani mpaka akataka kuimba. Akageuka kumwambia Faridah, na kiti chake kilikuwa kitupu. Kitenge chake tu kilikuwa pale, kimekunjwa vizuri. Yakubu akakitazama, akarudisha uso barabarani, akaendelea kukimbia.

Kilichomtisha alipoamka si kile kiti. Ni kwamba hakusimama. Alikwenda kwa Fabrice na kandambili mguu mmoja, mwingine hauna kitu.

"Funga ya chuma," akasema.

Waliondoka alfajiri. Chuma kilivuma mbele kama mashine ya kusaga unga, na gari likaenda mwendo wa baiskeli. Kwa kweli baiskeli zenye madumu ya mawese ziliwapita, wenyewe wakiwasalimu kwa heshima na kicheko. Mshale wa joto haukupanda. Yakubu alitambaa kwenye makorongo, akapita kijiji baada ya kijiji, akashangaa kwamba alikuwa na furaha. Jua la asubuhi lilikuwa bado laini, moshi ulikaa chini juu ya mihogo, na kila kitu kilionekana kimeoshwa. Alimwonyesha mkewe hiki na kile, naye Faridah aliitikia "ndiyo" kwa kila kimoja, akitabasamu.

Juu ya mwinuko wa mwisho akasimamisha gari. Mto ulikuwa pale chini, upande wa kushoto, na mitumbwi juu yake.

"Mama Soraya, angalia."

Faridah akageuza uso, akaangalia kwa muda mrefu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alikuwa anaangalia mihogo, upande wa kulia.

Yakubu akazima injini. "Tangu lini?" akauliza.

Faridah aliielewa sauti ile. "Tangu mwaka jana. Nyumba yetu ninaijua kwa mikono, ndiyo maana haukuona."

"Na haukuniambia!"

"Ulikuwa unachagula, Baba Soraya. Mutu mwenye kuota, haamushwi kwa nguvu."

Majuto ni mjukuu. Yakubu alilia waziwazi, kichwa juu ya usukani, mtu mzima na mvi zake, na kila mwaka aliosema "feni haijapatikana" ulimrudia mmoja mmoja. Faridah alimwacha alie. Alishusha kioo, akavuta harufu ya tope na samaki wa moshi, akasikiliza wavuvi wakiitana. Kisha akamgusa mkono.

"Kule nyuma tulipita pahali barabara ilikuwa laini. Niliisikia chini yetu. Iko ndefu?"

"Iko ndefu."

"Tuteremke, nitie miguu kwa maji. Halafu turudi pale, ukimbize."

"Vantilatere itapasuka."

"Ulinisimulia mwenyewe, Fabrice alisema inaweza, hakusema lazima. Weye umenipeleka polepole nipate kuona, nami siwezi kuona tena. Lakini kukimbia hakutake macho. Ninataka nijue kitu gani kilikuchukua kwangu miaka hii yote."

Jioni, juu ya barabara iliyonyooka, Yakubu aliingiza gia ya tatu, kisha ya nne, ambayo mkono wake ulikuwa hauijui. Chuma kikapiga yowe. Upepo ukaingia ndani, ukaung'oa mtandio wa Faridah, naye hakuushika.

"Ongeza," akasema.

Yakubu akaongeza.