Mume Wangu Ameweka Boma la Mama Kwenye Ramani

Admin, tafadhali usiweke jina langu wala picha yoyote, hata ile ya harusi niliyowatumia mkanipongeza. Mimi ni mwanamke wa miaka 26, niliishia kidato cha nne, na naishi mtaa wa West Indies hapa Eldoret na mume wangu. Tulioana Aprili. Mpaka leo nikisikia pikipiki ikisimama nje nakimbia dirishani kuangalia kama ni yeye. Wenzangu, nampenda huyu mwanaume mpaka naona aibu. Ananiamsha na chai, ananiita Malkia mbele ya mama mboga. Naomba mnisome mkijua hivyo, kwa sababu kinachonitisha kimetoka mikononi mwake, na mwangu pia.

Yeye ni mwalimu wa historia chuo kikuu. Mwaka huu walimu wachanga wa idara yao walipelekwa mafunzo ya kufundisha kwa kompyuta: kurekodi watu, kukata sauti, kuziweka juu ya ramani ili mwanafunzi akibonyeza alama nyekundu amsikie mtu wa mahali hapo akisimulia. Wakubwa wa idara walimcheka, wakaanza kumwita fundi wa simu. Lakini alirudi nyumbani kama mtoto aliyenunuliwa baiskeli. Jioni tulikuwa tunagawana waya wa masikioni, upande mmoja wake, mwingine wangu, ananifundisha kusikiliza na kuandika maneno. Mimi ambaye sikuvuka kidato cha nne, natengeneza ramani ya chuo kikuu! Nilijiona msomi. Jioni hizo zilikuwa tamu kuliko fungate.

Somo lake lilikuwa vita vya baada ya uchaguzi wa 2007. Alitafuta sauti za watu waliowaficha majirani zao wa kabila lingine. Nikamwambia mama yangu ana kisa kama hicho.

Mama anaishi upande wa Chepsaita. Wakati wa vita nilikuwa mtoto, na baba alikuwa ameshafariki. Jirani yetu, nitamwita Mama Shiro, alikimbilia kwetu na watoto wake nyumba yao ikiwaka. Mama akawafungia kwenye stoo ya mahindi. Vijana wakaja na mapanga, na aliyewaongoza ni baba mdogo, ndugu ya baba, ambaye mpaka leo shamba lake limepakana na la mama. Mama alisimama mlangoni akawaambia mahindi ameyanyunyizia dawa kali ya wadudu, atakayefungua atatapika damu. Wakaondoka. Mama Shiro akapata lori la kumpeleka kambi ya wakimbizi. Tangu hapo siri hiyo ilibaki kwangu na mama. Alisema ikijulikana ataitwa msaliti, na shamba litamtoka.

Sasa, kwetu mkwe na mama mkwe hawaketi kuongea mambo kama hayo. Hata chai hawanywi wakitazamana. Kwa hivyo nilienda mimi na simu ya mume wangu, tukaketi na mama kando ya ile ile stoo, akaongea mpaka akalia. Nilimwapia kwamba jina lake halitatajwa na sauti itabaki darasani. Kweli, jina halikutajwa. Kitu ambacho mimi na mume wangu hatukufikiria ni kwamba simu ilikuwa inaweka kumbukumbu ya mahali iliporekodi. Alipoipandisha sauti kwenye ramani, alama ikajiweka yenyewe. Akafurahi kwamba kazi imekuwa rahisi, akawatumia wanafunzi linki waijaribu.

Wiki jana tukinywa chai ya asubuhi akaniita nione. Akabonyeza. Ramani ikashuka kutoka angani, nikaona mabati yetu ya bluu, mparachichi wetu, stoo. Kisha sauti ya mama. Nikamwambia aizime.

"Lakini jina halipo, Malkia," akasema.

"Jina la nini, na paa letu linaonekana? Nani pale hajui sauti ya mama?"

Aliifuta hapo hapo, lazima niseme ukweli. Lakini wanafunzi walikuwa wameshatumiana kwenye grupu lao, na msichana mmoja wa Turbo alikuwa ameandika kwamba hapo ni karibu na kwao, anampelekea nyanya yake asikie. Mume wangu alimpigia akamwomba afute. Alisema amefuta. Nyanya yake je?

Jumapili mama akanipigia. Tuliongea kuhusu ng'ombe, kuhusu mvua inayosumbua mavuno. Halafu akasema, kama mtu anayepitisha salamu tu:

"Baba yako mdogo alikuja hapa jana, akanywa chai. Ameniuliza ile dawa niliyoweka kwa mahindi mwaka ule ilikuwa inaitwaje."

Nikamuuliza alijibu nini.

"Nimemwambia nimesahau. Akasema nikikumbuka nimwambie."

Miaka yote hii hajawahi kuuliza. Mume wangu ananituliza kwamba ni msimu wa mavuno, labda mzee anatafuta tu dawa. Lakini yeye mwenyewe siku hizi anakagua mlango mara mbili, na hajaniita Malkia tangu Jumapili. Uchaguzi unakaribia, na mama anasema kwa baba mdogo vijana wameanza tena kukutana.

Nimemwomba mama aje akae nasi kidogo, nikadanganya kwamba namtaka apumzike. Akacheka. "Nilale wapi, kwa nyumba ya mkwe wangu? Unataka watu waseme nimerukwa na akili?" Mume wangu yuko tayari kwenda kulala kwa rafiki yake, hata kama ni miezi. Lakini mama hawezi kuja bila kujua sababu, na sababu ni kwamba binti yake aliapa, na kiapo kikavunjika ndani ya nyumba yangu mpya yenye furaha. Namjua mama. Anaweza kukataa kuja na bado asitusamehe, mimi na mume wangu.

Nyinyi mlio na mama, niambieni. Nimwambie ukweli, hata kama atanichukia? Au ninyamaze nikimwomba Mungu iwe ni wadudu tu? Nawasihi msichelewe kunijibu. Jumamosi mama anaingiza mahindi stoo, na baba mdogo amejitolea kuja kumsaidia.