Mkono Usiotiwa Maji

Nyie vijana mnaoulizana kama chanjo ni halali, kaeni kitako niwaambie. Mie kwenye chuo cha Kurani sikufika mbali, lakini hili nalijua.

Enzi za Mwingereza, ndui iliingia Kimbiji ikachukua watoto wawili wa dada yangu. Mie nilikuwa nimeolewa Temeke. Mchanjaji alipokuja kwetu, binti yangu wa miaka saba nilimweka wa kwanza mstarini. Akamkwaruza chini ya kiwiko, akampaka dawa, akasema pasiguswe maji mpaka arudi wiki ijayo.

Adhana ya adhuhuri ikalia. Mama mkwe wangu akateka ndoo, akawaita wanawake kisimani.

"Osheni! Huo ni usaha wa ndama, najisi tupu. Nani ataswali nao?"

Wakaosha, wakasugua kwa makumbi ya nazi. Akamwita binti yangu.

"Huyu haoshwi, mama," nikasema.

"Nyie wa Kimbiji dini mliiokota ufukweni pamoja na kauri?"

Wanawake wakacheka. Nikamshika binti mkono mzima, moja kwa moja kwa mwalimu wa chuo.

"Shikamoo mwalimu. Dawa ya ndui ni najisi?"

"Imetoka kwenye usaha, ni najisi."

Nikageuka niondoke. Yeye hata hakuinua macho.

"Ila anayekimbia mauti amesamehewa. Jeraha halitiwi maji. Atawadhe kwingine kote, na kwa ajili ya hapo atayamamu kwa udongo safi badala ya maji. Mlidhani Mungu hakujua kama watu wana majeraha? Haya, funga mlango, mbuzi wanaingia."

Nikarudi. Mbele ya ndoo ya mama mkwe binti akatawadha akiliacha jeraha, akapiga viganja kwenye udongo, akapaka uso na mikono, akaswali. Mama mkwe akanipa kisogo wiki nzima.

Mchanjaji akarudi. Akashika mkono huu, akashika ule.

"Huu ulichanjwa au ulibusiwa?"

Yote laini! Alipofika kwa binti yangu, akakuta lengelenge limeiva kama punje ya mahindi.

"Huyu imemshika. Ndui haimuwezi."

Mie nisiyepigaga vigelegele hata harusini, siku ile nilivipiga mpaka mchanjaji akaziba masikio.

Wote wakachanjwa upya, mama mkwe wa mwisho. Tulipofika nyumbani hakuigusa ndoo. Akakaa chini, mkono kaunyoosha kama mtoto.

"Haya mkwe, huo udongo unapigwaje?"

Nikamwonyesha mbele ya wale wale waliocheka. Taratibu. Mara mbili.

Ndui ilikuja Temeke baadaye. Kwetu haikupata pa kukaa. Kovu la binti yangu lipo hadi leo, na amri yangu tangu siku ile ni moja: katika nyumba hii mkono uliochanjwa hautiwi maji, na swala haimpiti mtu.